Funguo Tatu za Sanduku Moja

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kuadhimisha miaka 10

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Bibi Maendeleo wetu, askari wetu wa Dawati la Jinsia na Watoto, walimu, mashehe na wachungaji, wazee wa sungusungu, waume zetu mliofika, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha miaka 10, tangu siku ile ya mwaka 2015 tulipokaa chini ya mwembe na sanduku la bati ambalo ndani halikuwa na kitu isipokuwa daftari, muhuri na kidau cha wino. Pili tunawashukuru ninyi mliotuamini wakati watu wengine walikuwa wakisema hivi vikundi vya akina mama ni vya kupiga soga tu.

Habari za hisa, mikopo na mgao zinaelezwa na mweka hazina wetu katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na hesabu zimekaguliwa. Sisi leo tumeombwa kusema neno juu ya kazi yetu nyingine, ambayo haimo katika daftari la fedha. Nayo ni kuzuia vipigo majumbani na unyama wa kujamiiana katika kijiji chetu, kwa kushirikiana na wenzetu wote mliopo hapa.

Sisi si wasomi. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wapo walioishia la nne. Kwa hiyo tutasema kama tunavyosema kikundini, na pale ambapo pana sheria au hesabu za wataalamu tutazisema kama tulivyofundishwa.

Kwa nini kikundi cha fedha kinaingia mambo ya nyumbani

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, hata na wanachama wenyewe. Eti mambo ya chumbani yanahusiana nini na hisa? Jibu tumelipata katika daftari la mahudhurio.

Mwanachama anakosa kikao wiki moja, anatuma salamu kuwa ana malaria. Wiki ya pili, malaria. Wiki ya tatu anakuja na kitenge amejifunga mpaka shingoni, jua kali, na hisa zake zimeshuka kutoka tano mpaka moja. Faini ya kuchelewa tunamtoza kama katiba inavyosema, lakini si tunajua wote? Huyo hakuumwa na mbu.

Tena tuliona kuwa mambo haya yana msimu. Wakati wa mavuno ya mpunga na mauzo ya pamba, fedha ikiingia ndani, ugomvi unaingia nayo. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu wanapumzika na fedha ziko mfukoni, ugomvi vilevile. Na ile siku yetu ya mgao, ambayo ni siku ya shangwe, kwa baadhi yetu ilikuwa siku ya hofu. Mwanachama anaondoka hapa anaimba, akifika nyumbani anaulizwa ziko wapi, na asipozitoa zote anapigwa. Mwaka mzima wa kuweka akiba unakwisha kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo tuliona kwamba sanduku peke yake halizuii kofi. Wapo waliodhani mwanamke akipata fedha yake basi heshima itakuja yenyewe. Kwa wengine ilikuja, tunashukuru. Kwa wengine fedha ndiyo ikawa chanzo kipya cha ugomvi.

Jambo hili hata wataalamu wameliona. Hapa hapa kwetu Mwanza, watafiti walifuatilia vikundi 66 vya wanawake waliokuwa wakikopa, wanawake 1,049 kwa jumla. Wote walikuwa na mikopo. Nusu ya vikundi vikaongezewa mafunzo ya vikao 10 juu ya maisha ya mume na mke, haki, na namna ya kusemezana bila kupigana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Katika vikundi vilivyopata mafunzo, wanawake 23 katika kila 100 walisema wamepigwa au kulazimishwa na wenzi wao ndani ya mwaka uliopita. Katika vikundi vilivyokuwa na mikopo tu walikuwa 27. Mtu anaweza kusema tofauti ni ndogo. Sisi tunasema wale wanne katika kila 100 ni watu, na wana watoto.

Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, shirika la Raising Voices lilitumia njia waliyoiita SASA! kati ya mwaka 2007 na 2012. Wao hawakuishia kwa wanawake. Walichukua watu wa mitaa yenyewe, wanaume kwa wanawake, pamoja na polisi, wauguzi na viongozi wa dini, wakazungumza na majirani zao miaka kadhaa. Katika mitaa hiyo wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kulinganisha na mitaa ambayo haikufikiwa. Hapo ndipo penye somo. Kundi moja likifanya peke yake, mambo hupungua kidogo. Majirani wote wakishika, hupungua sana.

Tunazungumzia nini hasa

Ndugu zetu, ukatili si fimbo tu. Kumpiga mtu ni ukatili. Kumlazimisha tendo la ndoa ni ukatili. Kumnyang'anya fedha yake, kumnyima chakula, kumfungia mlango usiku na watoto wake, kumtukana mbele ya wakwe, huo wote ni ukatili. Na kumgusa mtoto ni unyama ambao hauna jina jingine.

Serikali ilipima hali ya nchi nzima mwaka 2015/16, ikaonekana wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Mwaka 2022 ikapima tena, wakawa 27. Imepungua, na tunawapongeza wote waliofanya kazi. Lakini katika kikundi cha watu 30, hesabu hiyo ni wanawake wanane. Tazameni mabenchi yenu mhesabu.

Wapo wanaosema kupiga mke ni mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko wengi wetu tulio hapa. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mwanamume mzima anayebaka, na kifungo cha maisha kama mtoto hajafika miaka 10. Binti asiye mke wa mtu, akiwa chini ya miaka 18, hata mtu akidai alikubali, ni ubakaji. Kumpa mimba mwanafunzi nako, tangu marekebisho ya mwaka 2016, ni miaka 30.

Pamoja na hayo, ipo sehemu ambayo sheria haijatufikia. Mke anayelazimishwa na mumewe wakiwa bado wanaishi pamoja, sheria ya ubakaji haimtaji. Inamtaja pale walipotengana. Kwa hiyo huyo kwa sasa mlinzi wake wa kwanza ni jirani, ni wifi, ni shangazi, ni kikundi. Tusimwambie avumilie.

Jambo lililotufika

Mwaka 2019 jambo lilitufika mlangoni. Mtoto wa mwanachama mwenzetu, mwanafunzi wa shule ya msingi, alifanyiwa unyama na mtu mzima. Mtu huyo alikuwa ndugu wa karibu wa mwanachama mwingine. Mama wa mtoto ametupa ruhusa kulisema jambo hili. Jina wala kitongoji hatutaji, maana mtoto ni wa kulindwa hata akiwa mkubwa.

Usiku ule ule wawili wetu walimsindikiza mama na mtoto. Fedha ya bodaboda ilitoka mfuko wa jamii. Walipita polisi wakapewa fomu namba tatu, wakaenda hospitali, daktari akampima mtoto akampa dawa.

Siku ya tatu wazee wa upande wa pili wakaja. Walikuja kwa heshima, wamevaa vizuri, wakaanza na salamu ndefu. Walileta ahadi ya ng'ombe wawili na fedha za matibabu, jambo liishe kifamilia. Yule mama alikuwa na deni la kikundi, na mumewe yuko visiwani anavua. Ng'ombe wawili, jamani, kwa mtu wa hali yake si kitu kidogo. Tusimhukumu yeyote anayetikisika hapo.

Kikundini tuligawanyika. Wapo waliosema tukiacha mambo yaende mahakamani tutavunja undugu, na kikundi kitakufa. Wapo waliosema leo ni mtoto wake, kesho ni wetu. Kikao kilianza saa tisa mchana, giza likatukuta tukiwa bado tunabishana. Ndipo mwanachama wetu mmoja mzee, ambaye huwa hasemi sana, akauliza, "Hao ng'ombe watalala zizi la nani? Mtoto akiamka kila asubuhi akawakuta pale, si atajua hiyo ndiyo bei yake?"

Hakuna aliyejibu. Tukapiga kura. Tukaamua deni la mama lisogezwe mbele bila faini, na kila siku ya kesi wawili wetu wawe naye, nauli itoke mfuko wa jamii.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Mara imeahirishwa, mara shahidi hajafika. Mwalimu wake alisimama akasema aliyoyajua, na maandishi ya daktari yalikuwepo kwa sababu mtoto alifikishwa siku ile ile. Mahakama ilimtia yule mtu hatiani.

Hatulisemi kwa kujivuna. Wanachama wawili walijitoa, na mpaka leo tukikutana kisimani salamu zetu ni fupi. Ipo gharama. Lakini mtoto yule alimaliza darasa la saba akaendelea na masomo, na mama yake anakaa benchi la pili hapa, ameshalipa deni lake lote.

Kila mtu na ufunguo wake

Baada ya jambo lile tuliona kuwa kikundi peke yetu hatuwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukawaza juu ya sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu wasiolala nyumba moja. Mmoja asipokuja, halifunguki. Tukasema na ulinzi wa nyumba zetu uwe hivyo hivyo, ufunguo usikae kwa mtu mmoja anayeweza kutishwa au kununuliwa.

Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili, ule wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, uliagiza kuwepo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kwetu kamati ilikuwa katika karatasi. Tukamwendea Mtendaji, tukamwomba aiite. Akaiita. Leo tunapenda kuwataja wenzetu na kazi ya kila mmoja, ili wananchi wajue pa kwenda.

Ofisi ya kijiji ilikubali kutoandika tena hati ya makubaliano kwa kosa la kubaka au kumpa mtoto mimba. Makosa haya hayamalizwi kwa mwenyekiti wa kitongoji, wala kwa baraza la wazee, wala kwa sungusungu. Ugomvi wa kuku na mipaka ya shamba wamalize, hili walipeleke panapohusika.

Wazee wa sungusungu walikubali wakisikia kelele usiku waende wagonge mlango, wala wasiseme ni mambo ya mume na mke. Mara nyingi kugonga tu kunatosha kusimamisha mkono. Tumewaomba pia wasimpige mtuhumiwa, maana hatuwezi kuzuia fimbo kwa fimbo.

Zahanati na wahudumu wa afya wa jamii wanaita mama pembeni na kumwuliza taratibu, peke yake, mume akiwa nje. Walimu wanatazama mtoto aliyebadilika, aliyekuwa mchangamfu akawa kimya, au anayeogopa kwenda nyumbani kengele ikilia.

Mashehe na wachungaji wamekubali kulisema katika hotuba zao. Mwanamke akiwaendea na jeraha hawamrudishi kwa neno la subira tu, wanauliza kwanza kama usiku huo ana pa kulala salama.

Na waume zetu. Hapa tunataka kusema wazi kuwa bila wao tungekuwa tunatwanga maji. Kila mzunguko unapokaribia mgao tunawaalika wenzi wote kwa siku moja. Mume na mke wanakaa pamoja wanapanga fedha itafanya nini: ada, mabati, mbegu, akiba. Wanaiandika au wanaichora. Siku ya mgao ikifika hakuna siri wala mshtuko. Baadhi ya wanaume wameanza kuwaonya wenzao huko mwaloni na vilabuni, na neno la mwanamume kwa mwanamume lina njia yake ya kuingia. Tunawashukuru.

Akina mama nasi tunayo sehemu yetu. Sisi ndio mama wakwe. Kijana wetu akimpiga mkewe, mkamwana akakimbilia kwetu, tusimwambie "hata mimi nilipigwa nikakaa." Tumfungulie mlango.

La kufanya likitokea

Tunaomba ukurasa huu ukatwe ubandikwe ukutani.

Mtu akibakwa, apelekwe hospitali upesi, ndani ya saa 72, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ndani ya muda huo, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Ipo pia dawa ya kuzuia mimba, nayo isizidi siku tano. Asioge kabla ya kupimwa, nguo zake zisifuliwe, ziwekwe katika karatasi au kitambaa kikavu, siyo mfuko wa plastiki. Polisi wanatoa fomu namba tatu, nayo ni bure. Kama hali yake ni mbaya, aanze kutibiwa, fomu itafuata.

Kwa mtoto, namba 116 ni simu ya kumsaidia mtoto, haitozwi chochote. Mtu mwingine yeyote anaweza kuipiga kwa niaba yake.

Msiwasambazie watu jina wala picha ya aliyetendwa. Na msimwulize alivaa nini au alifuata nini huko. Mwambieni maneno mawili: tunakuamini, twende.

Maombi yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, mtu akialikwa kwenye sherehe hakosi kuombwa, nasi tunayo matatu. La kwanza, kituo chetu kidogo cha polisi kipate chumba chenye mlango, ili mama asisimulie mambo yake kaunta watu wakisikiliza. La pili, Bibi Maendeleo apewe usafiri, maana vitongoji ni vingi na miguu yake ni miwili. La tatu, kamati ya ulinzi ya kijiji itengewe fungu lolote, hata dogo, la nauli za mashahidi. Kesi nyingi hazishindwi kwa sababu ya uongo, zinashindwa kwa sababu ya nauli.

Nasi hatuji mikono mitupu. Kikao chetu kikuu kimepitisha kwamba kuanzia mzunguko ujao, kila mwanachama ataongeza kidogo katika mfuko wa jamii kila wiki kwa ajili ya kazi hii. Na katika katiba tumeandika kifungu kipya, kwamba mwanachama yeyote atakayepokea au kupeleka mali ili kuzima kosa la kumharibu mtoto, uanachama wake umekoma.

Wanachama wenzetu, wapo kati yetu ambao bado wanafunga kitenge mpaka shingoni. Tunawajua na hatuwalazimishi kusema hadharani. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Washika funguo watatu mnawafahamu, nyumba zao mnazijua, na wametoa neno mbele yenu leo kwamba mlango utafunguliwa saa yoyote ya usiku, na hakuna atakayeulizwa alikosea nini.

Tunawatakia miaka mingine 10 ya hisa nyingi, mikopo inayorudi, na daftari la mahudhurio ambalo malaria ikiandikwa humo iwe malaria kweli.